Siku Tatu Nje ya Chumba cha Mama Mukwe

Nimerudisha funguo za karakana, nimerudisha testeri, nimerudisha na ile ngazi ambayo ilikuwa imepinda tangu kabla sijaipokea. Ninyi vijana mnaobaki na kazi hii hapa Kasongo mmeniomba niandike yale niliyoyaelewa. Hapo mmeniweka pabaya. Niliyoyaelewa yanaenea ukurasa mmoja. Nisiyoyaelewa ndiyo yaliyonila miaka yote. Basi nitaandika ya pande zote mbili, nanyi mtachambua wenyewe.

Nilianza na fonia, ile redio ya sauti ambayo misheni, hospitali na wafanyabiashara waliitumia kuzungumza kabla simu za mkononi hazijafika huku. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe na viatu vya kuazima. Mzee Sumaili, aliyeshika ile fonia, alinitazama kutoka juu hadi chini, akanipa panga, akaniambia nikafyeke majani chini ya waya wa antene. Nilifyeka siku nne. Siku ya tano nikamwuliza kwa adabu ufundi tutaanza lini. Akajibu kwamba tumeshaanza, kwa sababu majani mabichi yakiugusa waya, Nyangwe haisikiki. Sikuelewa majani ya Kasongo na watu wa Nyangwe wanahusiana wapi. Hata leo nimeelewa nusu.

Mzee Sumaili hakuwa mtu wa kufundisha kwa mdomo. Alifanya, wewe ukatazama, na ukikosea alikohoa. Neno moja tu alinipa kama mtu anayetoa urithi. Kulikuwa na mchuuzi wa samaki aliyeleta redio yake akisema imerogwa na jirani. Mimi nikaanza kumwuliza habari za huyo jirani, tangu lini wanagombana. Mzee akakohoa, akaniweka pembeni.

"Usimuulize mutu anawaza nini," akasema. "Muulize anaona nini."

Mchuuzi akaulizwa anaona nini. Akasema anaona siafu wakitoka kwenye tundu la nyuma. Tukafungua, kweli, siafu walikuwa wamehamia na mayai yao. Lile neno nililishika. Nililitumia vizuri miaka mingi, isipokuwa siku tatu ambazo nitazieleza, na hizo siku tatu ndizo zilizonifanya nikubali kuandika.

Baadaye fonia ikazeeka, zikaja parabole, yale masahani makubwa ya kunasa satelaiti. Nilipelekwa Salamabila kuwafungia wafanyabiashara wa dhahabu. Huko nilikutana na kesi iliyonikondesha. Nyumba moja ya wageni ilikuwa na intaneti nzuri asubuhi, saa sita ya mchana inakufa, saa kumi inafufuka. Nilishuku jua. Nilishuku satelaiti yenyewe. Nikabadilisha waya, nikabadilisha kichwa cha parabole, nikafika kujishuku mwenyewe. Wiki ya pili nilirudi kwa ghafla saa saba, kwa sababu nilisahau kofia, nikamkuta mpishi ameanika muhogo ndani ya parabole. Aliniambia bila aibu kwamba hajapata kuona ungo mzuri namna ile, tena kuku hawafiki. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini njiani nilijiuliza kwa nini sikumwuliza yeye siku ya kwanza. Jibu ni kwamba alikuwa mpishi, nami nilikuwa fundi.

Miaka hii ya mwisho kazi imekuwa ndogo ya kuonekana na kubwa ya kuchosha. Parabole zimepungua ukubwa hadi kuwa kama meza ya chai, na kila mwenye ndugu nje ya nchi anataka modemu sebuleni. Mtu anakuita, anasema Wi-Fi yake ni mbovu. Ninyi mnajua, lakini naandika kwa atakayekuja baada yenu. Kwanza mtenganishie vitu viwili. Kuna njia kutoka angani hadi modemu, na kuna njia kutoka modemu hadi simu yake. Simama karibu na modemu, hatua mbili. Ikiwa hapo intaneti inakimbia na kule uani inatambaa, acha kupanda juu ya nyumba, ugonjwa uko chini. Modemu ipande juu, ikae katikati ya nyumba, mbali na friji, mbali na pipa la maji, mbali sana na mabati. Tazama betri ya sola, kwa sababu ikishuka modemu inazima na kuwaka yenyewe, na mwenye nyumba atakuapia kwamba haijawahi kuzima. Hesabu simu zilizoingia. Nyumba moja ya hapa mjini ilikuwa na watu watano na simu thelathini na saba. Mtaa mzima ulikuwa umepewa neno la siri, na mwenye nyumba alishangaa kwa moyo safi kabisa.

Hayo ndiyo yanayoenea ukurasa mmoja.

Sasa niseme habari ya mke wangu. Anjelani alianza kuumwa tumbo mwaka wa mwisho wa kazi yangu. Alitoka damu miezi, akaficha kama wanawake wanavyoficha, mpaka akaanguka shambani. Tulimpeleka kwa ndege ndogo hadi Bukavu pamoja na binti yetu mkubwa, Neema. Daktari akaona uvimbe. Akasema apasuliwe upesi, kwa kuwa damu imebaki kidogo. Karatasi ya kukubali ikaletwa atie sahihi. Anjelani akakataa kalamu. Akasema hatapanda kitanda kile mpaka mama yake ambariki.

Kwao ni watu wa Lusangi, upande wa Kabambare. Katika familia yao mtoto anayekwenda kwenye hatari anabarikiwa na mama, mama akiwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango. Anatia maji kinywani, anayapuliza, halafu anasema maneno. Mtoto lazima asikie maneno yale kwa masikio yake, na lazima aitikie. Kwa watu wengine hilo lingekuwa jambo la simu moja. Kwa Anjelani halikuwa jepesi, kwa sababu alikuwa hajui kama mama yake angekubali.

Miaka tisa nyuma baba mukwe alifariki, na Anjelani hakwenda kwenye mazishi. Mimi ndiye niliyemzuia. Kitindamimba wetu alikuwa na surua, anawaka moto, na njia ile wakati ule ilikuwa ya kulala porini. Nilituma neno moja kwa fonia: hatakuja. Sababu sikuituma. Kwetu mukwe hajielezi mbele ya mama mukwe, naye mama mukwe hamhoji mukwe. Basi sikueleza, naye hakuuliza, na heshima ikakaa katikati yetu miaka tisa kama mgeni asiyejua kuaga. Anjelani alirudi kwao mara kadhaa tangu hapo. Walilima pamoja, walitwanga pamoja, lakini habari ya mazishi hakuna aliyeifungua. Ndiyo maana pale Bukavu alikuwa anaogopa kufa na kinyongo cha mama juu ya kichwa chake.

Tena haikufaa nimpigie tu mama mukwe simu. Mume anapaswa kwenda mwenyewe, kuomba. Nikarudi Kasongo kwa ndege ndogo, nikapanda pikipiki. Mvua ilininyeshea mara mbili, nikafika Lusangi nikiwa na matope mpaka kwenye nyusi.

Mtanisamehe, jina lake silitaji, hata hapa kwenye karatasi. Mukwe hatamki jina la mama mukwe. Haingii chumbani mwake. Hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Kuna familia zinazosema mambo haya yamepitwa na wakati, na familia hiyo si ya mke wangu. Nilikaa kwenye kigoda nje, upande wa ukuta, naye akakaa ndani nyuma ya pazia la mlango. Mdogo wake, Mama Salome, akawa anapita katikati. Niliomba. Halafu Mama Salome akatoka, akaniambia mkubwa wake amekubali, nitayarishe simu.

Kutayarisha simu, nilidhani, ni kazi ya dakika mbili. Mnara wa simu wa pale ulikuwa umezima wiki nzima, lakini nyumba ile ilikuwa na Wi-Fi, na Wi-Fi yenyewe niliifunga mimi. Mwaka mmoja kabla nilisimamisha parabole ndogo juu ya mti wa mkuyu uliokatwa, nikapitisha waya kwenye tundu la ukuta wa chumba cha mama mukwe. Nje ilikuwa kazi yangu. Ndani aliingia Anjelani, akaweka modemu juu ya dirisha kama nilivyomwelekeza kwa sauti kutoka uani. Siku ile ilifanya kazi vizuri sana.

Neema alipiga kwa picha. Nikaona uso wa Anjelani kwenye mto mweupe, mwembamba kuliko nilivyomwacha. Nikampa Mama Salome ile simu, akampelekea mkubwa wake kizingitini. Nikamsikia mama mukwe anatia maji kinywani, anayapuliza. Akasema, "Mutoto yangu," na simu ikakwama. Uso wa Anjelani ukaganda mdomo wazi, kisha ukapotea.

Tulijaribu tena. Ilishika, ilifika kwenye "mutoto yangu," ikafa. Mara ya tatu haikufika hata huko.

Nikaanza kazi, na niwaambie kweli, nilianza kwa majivuno. Nyumba ya wakwe, watu wote wanatazama, nami ni fundi mwenye jina kutoka Kasongo. Nilikagua parabole, ilikuwa safi na inaelekea inakopaswa. Nilipima betri ya sola, ilikuwa imejaa. Nilifuata waya kwa vidole hadi tundu la ukuta, hakuna panya aliyeugusa. Njia ya kutoka angani ilikuwa nzima. Basi ugonjwa ulikuwa chumbani, mahali ambapo mimi sina ruhusa ya kuona.

Nilimwomba Mama Salome aingie atazame modemu imekaa wapi. Akaingia, akatoka.

"Iko pahali pazuri kabisa," akasema. "Hakuna mutu ataigusa."

Hapo Mzee Sumaili angekohoa. Niliulizwa na dhamiri yangu: pahali pazuri ni wapi, juu au chini, ndani ya nini? Lakini ningeulizaje? Kuuliza mara ya pili ni kusema mashemeji hawajui nyumba yao. Nikashukuru, nikakaa na ujinga wangu.

Nikaomba basi nielezwe taa za modemu. Mama mukwe akaingia chumbani mwenyewe. Nikasimama nje ya ukuta, simu mkononi, nikitazama vile vimistari vya Wi-Fi. Kilikuwa kimoja. Nikauliza kwa sauti, nikiwa nimegeuza uso kwa heshima, kama taa inawaka. Akajibu kutoka ndani kwamba inawaka, moja ya kijani na moja nyeupe. Nikatupa jicho kwenye simu. Vimistari vilikuwa vinne. Vyote vinne! Nikapiga haraka Bukavu, Neema akaitika, sauti safi kama yuko jikoni. Nikasema haya, Mama atoke akae kizingitini. Akatoka, akakaa, akatia maji kinywani. Kikabaki kimistari kimoja. Simu ikafa.

Siku ile tulirudia hivyo mara tano. Nikiuliza taa, vinne. Akitoka kuja kubariki, kimoja. Niliandika kwenye daftari langu, ninalo hadi leo: "Swali, vinne. Baraka, kimoja." Nililisoma lile neno usiku mzima kwa shemeji aliyenilaza, na asubuhi lilikuwa bado halina maana.

Siku ya pili niliwafukuza majirani. Kulikuwa na vijana na akina mama kama kumi wanaokaa nyuma ya jikoni kunasa Wi-Fi ya bure, nami nikabadilisha neno la siri. Walininunia sana, na haikusaidia kitu. Nikabadilisha njia ya mawimbi. Nikazima, nikawasha. Nikafikiri labda mwili wa mama mukwe unaziba, kwa maana mwili wa mtu una maji na maji yanakula mawimbi, lakini yeye ni mwembamba, na alipokuwa chumbani ndipo Wi-Fi inapona. Nikafikiri labda ni pazia. Nikafikiri labda ni mimi, nikihama ukutani kwenda kwenye kigoda. Nikahamisha kigoda. Mama mukwe mwingine angeniona nimerukwa na akili, mukwe mzima anabeba kigoda anazunguka nyumba, anakaa, anasimama, anatazama simu, anatikisa kichwa.

Jioni ile Neema akanitumia ujumbe. Mama yake alikuwa ameanza kusema kwamba bibi ndiye anayezima simu. Kila anapofika kwenye maneno, anazima. Nilijibu hapana, ni mtandao. Lakini kidole kilisita kabla ya kutuma, maana hata mimi nilikuwa nimeanza kuona hivyo. Fikirini wenyewe. Akiulizwa habari ya taa, mtandao uko. Akiambiwa abariki, mtandao hauko. Mashine haijui baraka ni nini. Mtu ndiye anayejua. Nikakumbuka mazishi, nikakumbuka miaka tisa ya kimya, nikasema moyoni: huyu mama hataki, na kwa kuwa hawezi kulikataa ombi mbele ya ndugu, anaingia kule ndani na kuchomoa kitu. Nilimchukia usiku ule. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya tatu asubuhi Neema akapiga. Akasema daktari amewaeleza kwamba damu imepungua tena, na nafasi ya siku inayofuata atapewa mgonjwa mwingine kama karatasi haijatiwa sahihi kufika mchana. Tukajaribu. Mama mukwe alikaa kizingitini, akapuliza maji, akasema, "Mutoto yangu." Ikafa. Halafu ukapenya ujumbe mmoja kutoka kwa Anjelani mwenyewe. Aliandika: "Mwambie Mama nimeelewa. Nisimsumbue tena."

Nilikaa na ujumbe ule. Mke wangu alikuwa anaaga. Kati yake na kalamu kulikuwa na sentensi mbili za mama yake, na kati ya hizo sentensi na masikio yake nilikuwa mimi, na zana zangu zote mkobani hazijui pa kuanzia. Nilikwenda ukutani. Nilikusudia kusema neno baya, mnisadiki. Nilikusudia kumwambia mama mukwe aache kutuchezea. Nikamwuliza kwanza, kwa mazoea tu, kama taa inawaka. Akaingia, akajibu inawaka. Nikatazama. Vinne. Na lile neno baya likakataa kutoka, likatoka jingine ambalo sijapata kumwambia mteja yeyote katika maisha yangu ya kazi.

"Mama, mi nashindwa," nikasema. "Sijui iko nini. Miaka yote hii nafanya hii kazi, na leo sijui."

Akasema kutoka ndani, taratibu, kama mtu anayeogopa kuingilia kazi ya wenyewe:

"Sasa mukwe, nifunge sanduku ao niache tu wazi?"

"Sanduku gani, Mama?"

"Hii ya bati. Yenye mashini yako iko ndani."

Mama Salome akanieleza yote, na alishangaa kwamba sikuwa najua. Watu walikuwa wamezidi kuja kunasa Wi-Fi. Mkubwa wake aliogopa wataimaliza, au watapitisha mkono dirishani waibebe, nayo ni kitu alichopewa na mtoto wake. Kitu chochote cha thamani katika nyumba ile kinakaa katika sanduku la bati chini ya kitanda. Akaiweka humo, akapitisha nyaya kwenye tundu la kutu, akafunga kufuli. Kila nilipouliza taa, alipiga magoti, akavuta sanduku, akafungua, akatazama, akanijibu kweli tupu. Kisha akafunga kwa ufunguo, maana huwezi kwenda kukaa kizingitini na kuacha sanduku wazi. Siku tatu amefungua na kufunga, na magoti yake ni ya mama wa miaka sabini na zaidi. Alidhani ndiyo ufundi wenyewe.

Tena Mama Salome akaongeza neno moja, kwa sauti ya chini. Modemu ilikuwa imeviringishwa katika kitenge. Siku ya kumaliza matanga ya baba mukwe, mabinti wote walishonewa kitenge cha namna moja. Cha Anjelani hakikushonwa, kilikunjwa, kikawekwa sandukuni kumngoja. Kitenge hakizuii mawimbi, vijana. Bati ndilo linalozuia. Nawaambieni hivyo kama fundi, na sina cha kusema zaidi kuhusu kitenge.

"Acha wazi, Mama," nikasema. "Tafadhali. Acha wazi kabisa."

Kifuniko kilikuwa kinajiangukia, bawaba zimechoka, basi akakitegemeza kwa mwiko wa ugali. Akaja kizingitini. Vimistari vinne vikabaki vinne. Anjelani aliitika kwa sauti ya mtu ambaye hataki kuitika. Nilikuwa nimegeuka upande wa shamba, kama inavyopasa, kwa hiyo nilisikia tu. Nilisikia maji yakipulizwa. Nilisikia majina ya wakubwa wao waliokufa, moja moja, na la baba mukwe la mwisho. Kisha Anjelani akauliza, akilia:

"Mama, ulinikatala?"

Kukatala kwetu ni kukataa, lakini mtoto akimwambia mzazi hivyo, ni zaidi, ni kuuliza kama ametupwa.

"Sijakukatala hata siku moja," mama yake akasema. "Enda, wakupasue, urudi. Kitenge yako iko hapa."

Anjelani akaitikia mara tatu, kama inavyotakiwa. Neema aliniambia baadaye kwamba aliomba kalamu kabla hata simu haijazimwa.

Siku iliyofuata hakuna aliyekwenda shambani. Nilikaa kwenye kigoda changu, mama mukwe akakaa nyuma ya pazia, na sanduku likabaki limepanua mdomo juu ya mwiko. Sikuwa na kazi ya kufanya. Niliwapa majirani neno la siri jipya, kwa aibu. Saa nane ya mchana Neema akaandika kwamba mama ametoka kwenye upasuaji, amefungua macho, ameomba maji na wamemkatalia mpaka kesho. Mama Salome akapiga vigelegele, akakimbia kuwaambia wengine. Mimi nililia kidogo, nikijifanya napiga chafya.

Tulibaki wawili, pazia katikati. Katika miaka yote ya ndoa yangu, mama mukwe hajapata kuniuliza neno lisilo la lazima. Siku ile aliniuliza.

"Mukwe, ile kazi yako unaifanya namna gani, kama hauone kitu?"

"Nauliza watu, Mama."

"Na kama hawakuambie?"

Ningeweza kumjibu kwa ufundi. Ningeweza kusema napima, najaribu, natoa kimoja kimoja. Lakini nilikuwa nimechoka, na mke wangu alikuwa mzima.

"Basi nawaza mubaya juu yao," nikasema. "Hizi siku tatu, nilikuwa nawaza mubaya juu yako."

Nilimsikia akisogea karibu na pazia.

"Hata mi juu yako," akasema. "Miaka tisa."

Nikavuta kigoda karibu na mlango, nikiwa bado nimegeuza uso, nikaanza kumweleza habari ya mtoto na ile surua.